Sultani Barghash na saa ya kuondoa sita

Wengi tuliopita O-level tunamjua Sultani Barghash bin Said kwa jibu moja la mtihani: alitia saini mkataba wa 1873 wa kufunga soko la watumwa Zanzibar. Ukishapata alama yako, basi, humkumbuki tena. Mimi amenirudia kwa mlango wa nyuma, kupitia saa.

Likizo hii nimeitengenezea kompyuta ya nyumbani, Dongobesh, saa ya kidijitali ya kizamani. Tarakimu nyekundu kwenye kioo cheusi, kila moja imeundwa kwa vijiti saba. 8 inawasha vyote, 1 inawasha viwili tu. Hilo jepesi. Ugumu ulikuwa kwenye hesabu yenyewe. Ukiichagulia kompyuta Kiswahili, itakuandikia Jumatatu, itakuandikia Agosti, lakini saa saba mchana itakuonyesha 13:00, na sokoni Mbulu au Katesh hakuna anayesema hivyo. Nikaandika mstari wa kuondoa sita (na mwingine wa alfajiri, maana 5 ukiitoa sita unapata hasi moja). Nikajiuliza ni mtawala gani wa huku kwetu aliyejali kuiweka saa mahali ambapo kila mtu ataiona. Jibu likanipeleka Unguja.

Barghash alizaliwa 1837, mtoto wa Seyyid Said. Baba alipofia baharini mwaka 1856, kiti kikaenda kwa kaka yake, Majid. Barghash hakukubali. Mwaka 1859 aliasi, na karani wake wa siri alikuwa dada yake Salme, binti wa miaka 15 hivi aliyejifundisha kuandika mwenyewe. Waingereza wakamsaidia Majid, uasi ukazimwa, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay kwa miaka kama miwili. Mimi naona huko ndiko alikosoma kuliko popote: bandari kubwa, meli za moshi, mji unaoendeshwa kwa mipango.

Akawa sultani mwaka 1870. Hakupumzika. Mwaka 1872 kimbunga kikaangusha mikarafuu ya Unguja, na mwaka uliofuata Waingereza wakaja na ule mkataba, pamoja na tishio la kuzingira kisiwa kwa manowari. Akatia saini Juni 5. Kwa kweli hapo ndipo vitabu vyetu vinapomwacha, wakati alikuwa bado na miaka 15 ya kutawala. Alivuta maji ya bomba kutoka chemchemi za nje ya mji, akanunua meli za moshi, na mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib. Mbele yake ulisimama mnara wenye taa ya kuongozea vyombo, na saa.

Sasa fikiria hesabu ya pwani, ambayo siku mpya huanza magharibi na jua likizama ni saa kumi na mbili. Katesh ipo magharibi ya Unguja, na jua letu huzama kama robo saa baada ya lao. Kwa hiyo hata saa ya Sultani, kama ingefuata jua lake kikamilifu, ingekuwa imeitangulia Hanang. Mimi nimeondoa sita kamili na robo saa nimeisamehe.

Barghash hakuwahi kukanyaga huku, ila yaliyompata yalitufikia. Alidai bara ni lake. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya jumba lake, na katika safari hiyo alikuwamo Salme yuleyule, sasa mjane wa mfanyabiashara wa Hamburg, akidai urithi wake. Kaka hakumpokea. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani wakachora mstari kutoka Mto Umba, ukapita kaskazini ya Kilimanjaro hadi Ziwa Victoria, wakamwachia Sultani maili kumi za pwani. Mbulu na Hanang zikaangukia kusini ya mstari, yaani kwa Mjerumani, bila hata mzee mmoja wa Kiiraqw au Kidatoga kuulizwa.

Alifariki Machi 1888. Miaka minane baadaye mwanawe, Khalid, alikalia kiti bila ridhaa ya Waingereza. Wakampa mwisho saa tatu asubuhi, Agosti 27, 1896. Saa tatu na dakika mbili mizinga ikalia, na kabla ya saa nne yote yalikuwa yamekwisha. Mnara wa Barghash ukaharibika kabisa. Mwaka 1897 ukajengwa mwingine, ukiunganishwa na Beit al-Ajaib yenyewe, na huo ndio ulioporomoka Desemba 25, 2020, wakati jumba likikarabatiwa. Watu wawili walikufa.