Mchungaji Johannes Rebmann (1820–1876)

Wengi humkumbuka Johannes Rebmann kwa theluji aliyoiona juu ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, ambayo baadhi ya wataalamu wa Ulaya walikataa kuisadiki. Kwetu sisi hilo ni dogo kuliko miaka iliyofuata.

Mzaliwa huyu wa Gerlingen, Ujerumani, alisoma Basel, akatumwa na Chama cha Misioni cha CMS cha Uingereza, na mwaka 1846 akaungana na Dkt. Krapf huko Rabai, karibu na Mombasa. Aliingia Uchagani mara tatu. Katika safari ya mwisho, mwaka 1849, Mangi Mamkinga wa Machame alimwishia mali aliyokusudia kufika nayo Unyamwezi, naye akarejea pwani mgonjwa, mikono mitupu.

Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa ajili ya afya yake. Rebmann alibaki. Alihubiri habari za Mungu aliyemtoa Mwanawe kwa ajili ya ulimwengu, na waliomwamini walikuwa wachache mno. Alikusanya maneno ya Kinyika na ya Kinyasa, mwaka 1866 akafiwa na mkewe Emma, kisha macho yake yakafifia. Ilipofika mwaka 1875, baada ya miaka 29, alirudi kwao akiwa kipofu, akisindikizwa na Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai. Alifariki Korntal tarehe 4 Oktoba 1876.

Mwaka 1893 wamisionari wa Leipzig walifungua kituo Machame, katika nchi ile ile alikoachwa bila kitu.