Otenyo: Jina la darasani, shujaa asiye na kaburi

Kama umesomea Kisii au Nyamira, huenda rejista ya darasa lenu ilikuwa na Otenyo mmoja. Na akina Moraa je? Hao ndio hawakosi kabisa, pengine walikuwa wawili au watatu. Sasa hebu jiulize: umewahi kufikiria majina hayo yalibebwa na nani kabla ya hao wenzako?

Kwa Abagusii, jina si la kuokota tu njiani. Mtoto hupewa jina la mtu wa ukoo aliyekwisha kufa, ili aliyeondoka asipotee. Ardhi nayo ni vivyo hivyo. Ukipanda matatu ya kwenda Bonchari, Bobasi au Bomachoge, unakwenda kwenye nchi iliyobeba majina ya mababu wa koo zinazoishi huko. Mtu na kijiji, jina moja.

Basi Otenyo wetu wa leo ni Otenyo Nyamaterere, mpiganaji wa Kitutu. Alikuwa kijana wakati mbaya. Mwaka wa 1905, Waingereza walipeleka wanajeshi wa KAR huko Gusii, na mikuki ikakutana na bunduki. Watu wengi wakauawa, mifugo ikaswagwa. Mwaka wa 1907 wakarudi, na safari hii walikuja kukaa. Ofisa mmoja kijana, Geoffrey Northcote, akafungua kituo cha serikali pale ulipo mji wa Kisii leo. Jina lake liliwashinda wenyeji kutamka, wakaamua kumwita Nyarigoti.

Pamoja na kituo zikaja amri, kodi na ng'ombe kuchukuliwa. Na kwa Mgusii wa enzi hizo ng'ombe haikuwa maziwa na nyama tu. Ilikuwa mahari, ilikuwa heshima ya boma. Ukimnyang'anya mtu ng'ombe, umemnyang'anya pia mke atakayemwoa.

Hapo ndipo anapoingia Moraa wa Ngiti. Huyu mama alikuwa mganga na mwonaji, na alimchukua Otenyo kama mwanawe. Wazee wanasimulia kwamba aliwakejeli vijana waziwazi, kwamba kama wameshindwa kulinda mifugo, basi wawaachie wanawake silaha wakapigane wao. Wewe ungekuwa kijana wa Kitutu siku hiyo, ungefanya nini?

Otenyo alichukua mkuki. Januari 1908, Northcote akiwa safarini Kitutu, Otenyo alimvizia njiani na kumchoma mgongoni. Mzungu alijeruhiwa, lakini hakufa.

Kilichofuata si hadithi ya kufurahisha. Wanajeshi walitumwa kuwaadhibu watu wote, si Otenyo peke yake. Nyumba zilichomwa, mashamba yakaharibiwa, maelfu ya ng'ombe wakachukuliwa na zaidi ya watu mia moja wakauawa. Ilifika mahali hata Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni kule London, akasoma simu za ripoti na kuuliza kama kulikuwa na haja ya kuua watu hivyo wasioweza kujitetea. Huyo ni Churchill, si mtu aliyekuwa akichukia ukoloni! Ukiona hata yeye ameguna, ujue mambo yalikuwa yamezidi.

Otenyo mwenyewe alikamatwa akauawa. Wazee wa Gusii wanasema alipigwa risasi hadharani ili wengine waogope, kisha kichwa chake kikakatwa na kupelekwa Uingereza. Ndiyo maana hadi miaka ya karibuni jamii imekuwa ikidai mabaki yake yarudishwe azikwe nyumbani. Na si unajua kwetu mtu kutozikwa nyumbani ni jambo zito?

Sasa linganisha. Northcote alipona, akapanda cheo, akawa gavana wa Guiana ya Uingereza, kisha gavana wa Hong Kong kuanzia 1937 hadi 1941. Chuo cha walimu kule Hong Kong kilipewa jina lake. Na mji aliouanzisha, wenyeji wengi bado wanauita Bosongo, yaani mahali pa Wazungu. Aliyechomwa mkuki alipewa chuo. Aliyeshika mkuki hana hata kaburi.

Lakini usidhani Otenyo amepotea. Serikali haikumjengea jina, watu ndio waliomhifadhi. Kila Otenyo anayeitika rejistani na kila Moraa anayenyoosha mkono darasani anabeba jina ambalo bunduki zilishindwa kulimaliza. Wengi hawalijui hilo, na hapo ndipo penye hatari. Jina likibaki bila habari yake, linakuwa sauti tu ya kuitiwa chakula.

Kwa hiyo, kijana, kazi yako ni ndogo. Nyanya yako na babu yako wakiwa bado wapo, kaa nao. Waulize umepewa jina la nani, alifanya nini, alizikwa wapi. Simu yako ina kinasa sauti, basi itumie kwa hilo, isiwe ya video za kuchekesha tu. Wazee hawa wakiondoka kimya kimya, wanaondoka na akina Otenyo wengine ambao hata wewe hujawasikia, na huenda mmoja wao ndiye uliyerithi jina lake.