Mahali Palipopendwa na Swami Vivekananda

Tunapoadhimisha mwaka mwingine wa hekalu letu, tumeona inafaa kumkumbuka Swami Vivekananda, na hasa mahali ambapo moyo wake ulipata utulivu. Alizaliwa Kolkata tarehe 12 Januari 1863, akapewa jina la Narendranath Datta. Aliishi miaka 39 tu, lakini katika muda huo aliizunguka Bara Hindi, akavuka bahari mara mbili kwenda Marekani na Ulaya.

Mapenzi yake ya kwanza yalikuwa kando ya mto Ganga. Huko Dakshineswar, katika hekalu la Mama Kali, ndiko alikolelewa kiroho na Sri Ramakrishna. Mwalimu wake alipofariki mwaka 1886, kijana huyo aliwekwa njiani na utawa. Mwishoni mwa mwaka 1892 alifika Kanyakumari, ncha ya kusini ya Bara Hindi. Wasimulizi wa maisha yake hueleza kwamba aliketi juu ya mwamba uliozungukwa na maji, akazama katika tafakuri, na kwamba kilichomjaa moyoni hapo kilikuwa umaskini wa watu aliowaona njiani. Kutoka huko alipata azma ya kwenda ng'ambo.

Hotuba yake ya Chicago, tarehe 11 Septemba 1893, ilimpa sifa kubwa. Hata hivyo, hakupenda kukaa katikati ya makutano. Katika kiangazi cha 1895 alijitenga Thousand Island Park, kisiwani katika mto Saint Lawrence, akafundisha kwa wiki saba kikundi kidogo cha wanafunzi wapatao kumi na wawili. Mwaka uliofuata alitembelea Uswisi pamoja na Kapteni Sevier na mkewe. Vilele vya theluji vilimkumbusha Himalaya, naye akatamani yawepo makao milimani ambamo watu wa Mashariki na wa Magharibi wangeishi pamoja. Mume na mke hao waliitimiza ndoto hiyo: mwaka 1899 makao ya Mayavati yalianzishwa katika Himalaya.

Kama angepewa hiari, bila shaka angemalizia siku zake milimani. Afya yake ilikuwa imedhoofishwa na pumu na kisukari. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1898 alikuwa akipumzika Darjeeling, penye hewa baridi iliyomfaa, habari zilipomfikia kwamba tauni imezuka Kolkata. Alishuka mara moja kuandaa huduma kwa wagonjwa. Fedha hazikuwapo. Wenzake walipouliza zitatoka wapi, alikuwa tayari kuuza kiwanja cha Belur, kilichokuwa kimenunuliwa karibuni tu kwa ajili ya makao ya watawa. Kilikuwa ukingoni mwa Ganga, mto wa utoto wake, na ndugu zake watawa walikuwa wamehangaika miaka mingi bila makao ya kudumu. Msaada ulipatikana kwa njia nyingine, na kiwanja hakikuuzwa. Lakini utayari wake haukuwa wa maneno matupu.

Na Mayavati je, makao aliyoyatamani tangu Uswisi? Alifika huko mara moja tu, Januari 1901, kupitia theluji nyingi. Kapteni Sevier alikuwa amefariki miezi michache kabla, naye Swami alikwenda kumfariji mjane. Alikaa wiki mbili hivi, kisha akarudi kazini.

Alifariki Belur tarehe 4 Julai 1902, na mwili wake ukachomwa hapo hapo kando ya Ganga, mahali alipokuwa amepaonyesha mwenyewe.

Nasi tunalipenda hekalu letu. Tunaipenda sauti ya kengele zake wakati wa arati, na sakafu ambayo wazee wetu waliikanyaga kabla yetu. Mapenzi hayo ni halali. Lakini maisha ya Swami yanatuuliza: jirani akiwa mgonjwa au mwenye njaa, je, tutakuwa tayari kukitoa kile tunachokipenda kwa ajili yake? Yeye aliijibu hoja hiyo mapema, kabla tofali la kwanza la Belur Math halijamzuia. Tunaomba maadhimisho haya yatupe moyo wa kujibu kama yeye.