Dr. Williamson wa Mwadui: jibu tunalolijua nusu nusu

Nianze na swali la chemsha bongo, bila kuangalia Google: almasi ya waridi iliyopewa binti mfalme Elizabeth wa Uingereza siku za harusi yake mwaka 1947 ilitoka wapi? Haya, wa Kishapu mnacheka maana jibu liko hapa hapa nyumbani, Mwadui. Na aliyeitoa ni nani? Williamson. Pointi kumi, tunaendelea. Hapo ndipo wengi wetu tunapoishia, na ndiyo sababu ya kuandika leo.

Mimi ni mpenzi wa vipindi vya maswali kwenye TV tangu utotoni. Mnaokumbuka kile cha vyuo vikuu vya Afrika, kilichoanza 2007 kwa jina la Celtel Africa Challenge halafu kikaitwa Zain, mtangazaji John Sibi-Okumu wa Kenya, mtanielewa. Nilikuwa dogo sana, najibana kwenye banda la video katikati ya makaka. Chuo cha Bongo kikicheza banda zima lilikuwa linajibu kwa sauti, mwenye banda anatutishia kuzima. Kiingereza kilikuwa kinanipiga chenga lakini nilishika majibu. Mpaka leo kikipita kipindi cha maswali siondoki. Ila ukifuata sana haya mambo unagundua kitu: jibu moja la neno moja limebeba maisha ya mtu mzima. Basi tulifungue hili la kwetu.

John Thoburn Williamson alizaliwa 1907 huko Montfort, jimbo la Quebec, Kanada. Aliingia Chuo Kikuu cha McGill akiwa na nia ya kusoma sheria, akahamia jiolojia, na 1933 akapata udaktari. Kwa hiyo ule u-Dr. wake ni wa mawe jamani, hakuwa daktari wa sindano kama baadhi ya watu wanavyodhani. Akaja Afrika kutafuta kazi, akapitia Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), kisha Tanganyika kwenye mgodi mdogo wa almasi wa Mabuki, upande wa Mwanza.

Pale Mabuki akaona almasi zipo lakini chache. Akaamini kuna chimbuko kubwa zaidi mahali fulani kwenye mbuga hizi za Usukuma. Akaanza kutafuta kivyake, pesa hana, malaria inampiga, vita vya pili vya dunia navyo vimeanza. Aliyemshika mkono ni mwanasheria wa Mwanza mwenye asili ya India, I. C. Chopra, ambaye baadaye alikuwa na hisa kwenye mgodi. Machi 1940 Williamson akafika Mwadui na kupata alichokuwa anakitafuta. Ukikaa vijiweni Maganzo utasikia kila aina ya hadithi: gari lilikwama kwenye tope, almasi ilikuwa chini ya mbuyu. Hizo ni hadithi. Kilichomfikisha ni miaka ya kuchekecha mchanga na kusoma udongo. Mwamba wenyewe una ukubwa wa hekta 146 hivi juu ya ardhi, mmoja wa mikubwa kabisa duniani kati ya ile iliyowahi kuchimbwa.

Utajiri ukaja. Akajenga mji ndani ya uzio, wenye hospitali, shule na uwanja wa ndege. Kampuni kubwa ya De Beers, iliyokuwa imeshika soko la almasi duniani, akavutana nayo miaka kuhusu bei. Oktoba 1947 likapatikana lile jiwe la waridi, karati 54.5. Likakatwa London likabaki karati 23.6, na 1953 Cartier wakalitengenezea pambo la kifuani lenye umbo la ua. Mwaka 1956 mdogo wake malkia, Margaret, akafika Mwadui mwenyewe.

Lakini jamaa hakuoa, hakuwa na mtoto, na alijificha sana na watu. Januari 1958 saratani ya koo ikamuua, ana miaka 50 tu. Alizikwa hapo hapo Mwadui. Mwaka huo huo ndugu zake wakauza mgodi kwa takriban pauni milioni 4, nusu ikachukuliwa na De Beers na nusu na serikali ya Tanganyika. Yaani wale wale aliovutana nao maisha yake yote wakaingia mlangoni kabla hata kaburi halijakauka.

Sasa wadau, kwa nini nimechimbua? Mwaka 2022 huko Hong Kong almasi ya waridi yenye jina la Williamson iliuzwa kwa dola karibu milioni 58. Mwezi uliofuata, Novemba 2022, bwawa la majitope la mgodi wa Mwadui lilipasuka na tope likaingia kwenye mashamba na nyumba za wanakijiji. Matukio mawili, jina moja. La kwanza litaulizwa kwenye chemsha bongo. La pili sijui kama litaulizwa.

Na kuna swali gumu kuliko yote. Williamson hakuchekecha mchanga peke yake. Kulikuwa na vijana wa Kisukuma, waliobeba, waliochimba, waliojua njia na maji yalipo. Tunamjua Mkanada, wakili wake na binti mfalme aliyepewa zawadi. Majina ya hao wengine yako wapi? Kama babu yako au bibi yako aliishi Mwadui miaka ya 40 na 50, muulize leo, maana wanaondoka. Ukipata jina andika hapo chini, tuanze kujaza hiyo nusu nyingine ya jibu.

Nawakilisha.