Marie Van Brittan Brown: Muuguzi aliyebuni kamera ya kulinda nyumba, na funzo lake kwa Lodwar na Kakuma

SI AJABU siku hizi kuona kamera ndogo imetundikwa juu ya mlango wa duka mjini Lodwar, au kwenye pembe ya paa la mabati huko Kakuma, umbali wa takriban kilomita 120 kuelekea kaskazini-magharibi. Mwenye duka huweza kusafiri hadi Kitale kununua bidhaa na bado akautazama mlango wake kupitia simu ya mkononi. Hata hivyo, ni wachache wanaojua kwamba wazo la kumwezesha mwenye nyumba kumwona aliye mlangoni, kuzungumza naye na kuamua kumfungulia au la, lilitoka kwa muuguzi mmoja wa New York, Marekani, Bi Marie Van Brittan Brown, aliyefariki mwaka wa 1999.

Maisha ya mwanamke huyo yanastahili kukumbukwa hasa wakati huu ambapo baadhi ya wenye kamera hujikuta wamefungiwa nje ya mali yao wenyewe. Kamera huwa inafanya kazi na taa yake inawaka, lakini simu inaikataa nywila. Aliyenunua chombo kwa fedha zake hageuki kuwa mwizi kwa kuisahau nywila, lakini hutendewa kama mgeni. Bi Brown alibuni mtambo wake kwa nia iliyo kinyume kabisa na hali hiyo: uamuzi wote ubaki mikononi mwa aliye ndani ya nyumba.

Alizaliwa Oktoba 1922 katika mtaa wa Jamaica, eneo la Queens, jijini New York. Baba yake alikuwa mzaliwa wa jimbo la Massachusetts na mama yake wa Pennsylvania. Alikulia Queens, akaishi huko na hatimaye akafia huko. Wakati wa ujana wake Mmarekani mweusi alikabiliwa na vikwazo vingi katika elimu, ajira na makao, na mwanamke mweusi aliyabeba hayo maradufu. Marie alichagua kazi ya uuguzi. Aliolewa na Albert Brown, fundi wa vifaa vya elektroniki, na wakajaliwa watoto wawili.

Kazi za wanandoa hao hazikuwa na saa maalumu. Muuguzi huenda zamu ya usiku na kurejea alfajiri, na fundi huitwa wakati wowote chombo kinapoharibika. Kuna nyakati ambapo Marie alibaki peke yake nyumbani usiku, naye mumewe yuko kazini. Mtu akibisha mlango saa hizo, alikuwa na njia mbili tu: kufungua bila kumjua aliyebisha, au kunyamaza na kungoja kwa hofu. Muuguzi yeyote wa Lodwar anayefika nyumbani usiku baada ya zamu hospitalini anaielewa hofu hiyo bila kufafanuliwa.

Katika miaka ya 1960 visa vya uhalifu viliongezeka mjini New York, nao wakazi wa mitaa mingi walilalamika kwamba polisi walichelewa kufika walipoitwa. Mnamo Machi 1964 mwanamke kijana, Kitty Genovese, aliuawa karibu na makao yake katika eneo lilo hilo la Queens, na kisa hicho kikazua mjadala mkubwa kote Marekani kuhusu usalama wa raia na wajibu wa majirani. Wakati huo jiji halikuwa hata na nambari moja fupi ya kupigia simu za dharura. Nambari ya 911 ilianza kutumika New York mwaka wa 1968. Aliyevamiwa alihitaji kutafuta simu, kukumbuka nambari na kuomba Mungu ipokelewe.

Bi Brown hakungoja serikali imtatulie shida hiyo. Akishirikiana na mumewe, ambaye ujuzi wake wa elektroniki ulifaa sana, alichora mtambo wa kuulinda mlango. Agosti 1, 1966 wawili hao waliwasilisha maombi ya hataza. Baada ya miaka mitatu na zaidi, Desemba 2, 1969, walipewa hataza nambari 3,482,037 ya Marekani, jina la Marie likitangulia la Albert. Siku chache baadaye gazeti la New York Times liliandika habari za uvumbuzi huo.

Ifahamike kwamba si yeye aliyekuwa wa kwanza kutumia kamera kutazama mahali pa mbali. Wajerumani walikuwa wametumia runinga ya aina hiyo mwaka wa 1942 kutazama urushaji wa makombora ya V-2 wakiwa mahali salama. Baada ya vita, chombo hicho kilibaki zaidi mikononi mwa majeshi, viwanda na idara za serikali. Alichokifanya Bi Brown ni kukitoa kwa wakubwa na kukileta katika mlango wa mtu wa kawaida, na kwa kufanya hivyo akaigeuza maana yake. Kamera ikawa chombo cha raia cha kujilinda.

Mtambo wenyewe ulikuwa na matundu manne ya kuchungulia, yaliyopangwa moja juu ya jingine mlangoni. La juu lilikuwa la kumwona mtu mrefu, na la chini lilitosha kumwona mtoto. Nyuma ya matundu hayo kulikuwa na kamera iliyopandishwa na kuteremshwa kwa mota, ikisimama penye tundu ambalo mwenye nyumba alilitaka. Picha zilipelekwa kwa mawimbi ya redio hadi kwenye runinga ambayo ingeweza kuwekwa chumba cha kulala. Kulikuwa pia na vipaza sauti vya kuwawezesha aliye ndani na aliye nje kuzungumza. Ikiwa mgeni anafahamika, mwenye nyumba alibonyeza swichi na komeo likafunguka hata kabla hajainuka kitandani. Ikiwa ni adui, alibonyeza nyingine na ishara ya hatari ikapelekwa kwa mlinzi au jirani.

Jambo la kuzingatia ni kwamba hakukuwa na nywila wala akaunti. Mamlaka yote yalikuwa ndani ya nyumba, kwenye swichi zilizokuwa karibu na kitanda. Aliyekaa ndani ndiye aliyeona, na hakuna kampuni ya mbali iliyosimama kati yake na mlango wake.

Mtambo huo haukupata soko kubwa enzi hizo. Kamera na runinga zilikuwa ghali, na kuzifunga katika nyumba ya kawaida kulihitaji fedha ambazo familia nyingi hazikuwa nazo. Hata hivyo, wazo halikufa. Hataza nyingine zaidi ya 30 zilizotolewa baadaye ziliitaja ile ya Brown kama msingi, na kengele za mlangoni zenye kamera zinazouzwa leo zinafuata mpango ule ule: kuona, kusikia, kusema, kufungua na kuita msaada.

Nywila nayo ilitoka upande mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika chuo cha MIT kilichoko Massachusetts, Fernando Corbató na wenzake walitengeneza mfumo uliowawezesha watu wengi kutumia tarakilishi moja. Kwa kuwa kila mmoja alihitaji kuweka faili zake mbali na macho ya wengine, kila mtumiaji akapewa neno lake la siri. Haikuchukua muda udhaifu wake ukadhihirika. Mwaka wa 1962 mtafiti mmoja wa chuo hicho, Allan Scherr, aliyetaka muda zaidi wa kutumia tarakilishi kuliko aliogawiwa, alipata njia ya kuchapisha faili lililohifadhi nywila zote. Corbató alifariki mwaka wa 2019, lakini shida aliyoiacha bado ingali nasi: neno la siri husahaulika na mwenyewe na kupatikana na asiye mwenyewe.

Njia hizo mbili, kamera ya Bi Brown na nywila ya Corbató, ndizo zilizokutana ndani ya simu ya mfanyabiashara wa Turkana. Na Turkana ina cha kulinda. Lodwar imekuwa makao makuu ya kaunti tangu ugatuzi ulipoanza mwaka wa 2013. Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka wa 1992 kuwapokea wakimbizi waliotoroka vita nchini Sudan, na kufikia mwaka wa 2018 utafiti wa shirika la IFC, ambalo ni tawi la Benki ya Dunia, ulionyesha kwamba palikuwa na biashara zaidi ya 2,000 kambini na mjini. Duka la unga, kibanda cha kuchaji simu au ghala la jumla likivunjwa usiku mmoja, jasho la miaka huenda na maji.

Mara nyingi chanzo cha kufungiwa nje si hitilafu ya chombo. Fundi anayeletwa kufunga kamera hutumia barua pepe yake au nambari yake ya simu kufungua akaunti, kwa sababu mwenye duka ana haraka au hana barua pepe. Kwa mujibu wa kumbukumbu za mtambo, mmiliki ni fundi. Siku fundi akihama au wakikosana, mwenye duka hubaki na jicho ukutani lisilomtambua. Wengine husajili kwa laini ya simu ambayo baadaye hupotea au huacha kutumika kwa muda mrefu, ikafungwa na nambari yake kupewa mtu mwingine. Kwa mkimbizi ambaye laini yake ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine, hatari ni kubwa zaidi, maana hana njia rahisi ya kuirudisha laini hiyo ikipotea.

Anayejikuta katika hali hiyo hana budi kwenda kwa utaratibu. Kwanza aache kubahatisha nywila, kwani majaribio mengi ya makosa huifunga akaunti kwa muda. Pili, aombe nywila mpya kupitia barua pepe au nambari iliyosajiliwa, na ikiwa laini imepotea, aifufue kwanza kwa kampuni ya simu. Tatu, ikiwa akaunti ni ya fundi, amwombe fundi akiondoe chombo katika akaunti yake au amhamishie umiliki. Kubonyeza kitufe kidogo cha kurudisha kamera katika hali ya awali hakutoshi kila mara, kwa sababu kamera nyingi hubaki zimefungamana na akaunti ya kwanza hadi mwenye akaunti hiyo aziachilie. Fundi asipopatikana, hubaki kuiandikia kampuni iliyoitengeneza, ukiambatanisha risiti na nambari ya utambulisho iliyobandikwa chini ya kamera. Ndiyo maana risiti haifai kutupwa.

Zaidi ya yote, asimpe mtu yeyote tarakimu za siri zinazotumwa kwenye simu. Matapeli huwawinda hasa walio na dhiki, wakijifanya wahudumu wa kampuni. Anayepewa tarakimu hizo hupewa pia mlango, saa za kufungua duka na saa za kulifunga.

Lodwar yenyewe inaujua uzito wa kutazamwa na asiyekutakia mema. Hayati Mzee Jomo Kenyatta alipomaliza kifungo chake huko Lokitaung mwaka wa 1959, serikali ya kikoloni haikumruhusu kurejea kwake Gatundu. Ilimweka kizuizini mjini Lodwar, chini ya ulinzi, hadi mwaka wa 1961 alipohamishiwa Maralal na hatimaye kuachiliwa. Ulinzi ule haukuwa kwa faida ya aliyelindwa, bali kwa faida ya waliomlinda. Tofauti baina ya ulinzi na kifungo haiko katika ukuta wala katika jicho linalotazama. Iko katika swali la nani aliyeshika ufunguo.

Kenya ilipitisha Sheria ya Kulinda Data mwaka wa 2019, na picha ya mtu ni sehemu ya data yake. Kwa hivyo anayebaki na uwezo wa kutazama duka au nyumba ya mwingine bila idhini hafanyi mzaha, bali anaingia mahali asipokaribishwa. Kaya ya Kiturkana, awi, huzungushiwa uzio wa miiba, na hakuna anayekubali mgeni aamue ni lini uzio huo utafunguliwa. Akaunti ya kamera haina budi kuchukuliwa vivyo hivyo: isajiliwe kwa jina na nambari ya mwenye mali tangu siku ya kwanza, mbele ya macho yake, na fundi akiondoka asibaki na chochote.

Bi Brown hakuuona ulimwengu huu wa simu zinazotazama milango. Alifariki Februari 2, 1999 huko Queens akiwa na umri wa miaka 76. Binti yake alifuata nyayo zake, akawa muuguzi na mvumbuzi. Hakuacha kiwanda wala utajiri wa kutajika. Aliacha karatasi za hataza, mchoro wa mlango wenye matundu manne, na kanuni iliyo wazi kwa kila anayepanda ngazi kutundika kamera mjini Lodwar au Kakuma: chombo cha kulinda nyumba ni lazima kimtii mwenye nyumba kabla ya mtu mwingine yeyote.