Cheki Louis Moinet: Mzee Aliyetengeneza Kronografu ya Kwanza, Sifa Zikaenda kwa Msee Mwingine

Toa simu, fungua ile saa ya kuhesabu sekunde. Bonyeza ianze, bonyeza isimame, halafu irudishe sufuri. Rahisi, ama? Sasa jua kuna jamaa Mfaransa aliyefanya hivyo mwaka 1816 na magurudumu ya chuma pekee, bila betri wala stima, na dunia ikakaa karibu miaka 200 ikimpa mtu mwingine heshima yake.

Anaitwa Louis Moinet. Alizaliwa Bourges mwaka 1768, na usidhani alianza kama fundi. Huyu alikuwa msanii kwanza. Alienda Roma akakaa miaka mitano akisomea uchoraji na uchongaji, kisha akarudi Paris kufundisha sanaa. Lakini saa alizipenda tangu utotoni, na mwisho zikamteka kabisa. Akawa mshikaji wa karibu wa Abraham-Louis Breguet. Kama humjui Breguet, huyo ndiye fundi ambaye kina Napoleon na malkia Marie-Antoinette walikuwa wateja wake. Yaani Moinet hakuwa anacheza na watoto.

Kilichomtuma kazini ni nyota. Moinet alipenda kuangalia anga kwa darubini, na alitaka kujua ni muda gani hasa nyota inachukua kuvuka kati ya nyuzi mbili zilizo ndani ya darubini. Sekunde nzima ilikuwa kubwa sana kwake. Basi 1815 akaanza kujitengenezea chombo cha kuikata sekunde vipande 60.

Hapa ndipo mambo yanakuwa noma. Ule mshale wa katikati unazunguka uso mzima kwa sekunde moja tu, ukipita alama 60. Ili hilo liwezekane, moyo wa saa lazima upige mara 216,000 kwa saa moja. Kumbuka saa nyingi za mkono unazoziona leo, zile za kujipinda zenyewe, hupiga 28,800. Na jamaa akaongeza vitufe: cha kuanzisha na kusimamisha, na cha kurudisha sufuri. Hiyo ya kurudisha sufuri wanahistoria walikuwa wameiandika kwa jina la Adolphe Nicole, aliyeipatia hataza mwaka 1844. Kuhusu kasi, ilibidi dunia ingoje hadi 1916, Heuer walipotoa Mikrograph ya kupima moja ya mia ya sekunde, ndipo Moinet akapitwa.

Sasa sifa zilipoteaje? Zilipotelea kwa farasi. Tarehe 1 Septemba 1821, fundi mwingine wa Paris, Nicolas Rieussec, alipeleka kasha lake kwenye mashindano ya farasi pale Champ de Mars. Kila farasi alipomaliza, kalamu ndogo ilidondosha tone la wino kwenye uso uliokuwa unazunguka, na muda ukabaki umeandikwa. Ndio maana chombo kikaitwa kronografu, kumaanisha kinachoandika wakati. Mwaka uliofuata akakipatia hataza. Umati ulikuwepo, karatasi za serikali zikawepo, jina likawepo. Moinet alikuwa na nyota zake tu, na nyota hazipigi makofi.

Si ati alificha. Alikitaja chombo chake kwenye maandishi yake, na mwaka 1848 akatoa kitabu kikubwa cha ufundi wa saa kilichoheshimiwa na mafundi wengi. Alifariki 1853. Kile chombo kikapotea machoni pa watu.

Fast forward: Mei 2012, mnada wa Christie's, Geneva. Saa moja ya ajabu inauzwa, na 2013 wanunuzi wanajitokeza kusema hii ndiyo kronografu ya kwanza duniani. Wewe ungeamini? Hapa tumia kichwa kama unavyonunua gari, maana saa za zamani nazo huungwaungwa kama gari la Grogan: uso wa huku, mashine ya kule, kasha limepigwa msasa hadi alama zikaisha. Jina lililoandikwa usoni ni kitu rahisi zaidi kufeki. Wanaojua hufungua nyuma. Huangalia mihuri, namba na mashine, halafu huuliza kama vyote ni vya umri mmoja.

Kwa saa ya Moinet, jibu lilikuwa kwenye mihuri iliyogongwa kwenye kasha: kazi ilianza 1815, ikaisha 1816. Mihuri ikakubaliana na yale mzee mwenyewe aliyoandika. Miaka mitano kabla ya farasi wa Rieussec.

Lakini usiache rada. Walioinunua ni kampuni ya Uswisi inayotumia jina lake, Louis Moinet, iliyoanzishwa 2004. Ikiwa mzee ni wa kwanza, biashara yao inanoga. Hilo halifanyi mihuri iwe ya uongo, na Guinness World Records wameitambua, ila ni lazima ulijue. Halafu kuna wabishi wenye hoja: chombo cha Moinet hakiandiki chochote, kwa hivyo neno kronografu ni la Rieussec kihalali. Mimi naona wote wawili wana haki, mmoja ya jina na mwingine ya kitu chenyewe, maana hiyo saa ya kwenye simu yako inafanya kazi kama ya Moinet. Wino wa Rieussec hauna tena kazi.

Rieussec naye hajasahaulika. Montblanc wanauza saa zenye jina lake mpaka leo, na za jina la Moinet pia ziko sokoni. Bei usiulize.