Fridtjof Nansen: Bingwa wa theluji aliyewapa wakimbizi hati ya kusafiria

Kampala haijui theluji. Theluji ya Uganda iko mbali magharibi, kwenye vilele vya Rwenzori, na hata huko inazidi kupungua. Hata hivyo, mkimbizi wa Kongo anayeishi Nsambya au Msomali wa Kisenyi anayepewa hati ya kusafiria ya wakimbizi anashika mkononi kitabu ambacho asili yake ni kazi ya mtu aliyepata sifa kwanza kwa kuteleza thelujini. Mtu huyo ni Fridtjof Nansen wa Norwei.

Nansen alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1861 karibu na Christiania, mji ambao leo unaitwa Oslo. Mama yake alipenda skii, yaani mbao mbili ndefu na nyembamba zinazofungwa miguuni ili mtu ateleze juu ya theluji bila kuzama. Mtoto alijifunza mapema, akakua na kushinda mashindano ya taifa. Alisomea elimu ya wanyama na kufanya kazi katika makumbusho ya Bergen.

Mwaka 1888 aliongoza watu watano, wakiwemo Wasami wawili kutoka kaskazini mwa Norwei, kuvuka barafu ya Greenland kwa skii. Hakuna aliyekuwa ameivuka kabla yao. Nansen alichagua kuanzia pwani ya mashariki, iliyokuwa karibu tupu, ili kusiwe na sababu ya kurudi nyuma. Usiku baridi ilifika nyuzi 45 chini ya sifuri, lakini wote sita walifika pwani ya magharibi wakiwa hai.

Kitabu chake kuhusu safari hiyo, kilichotoka mwaka 1890, kiliwavutia wengi kuijaribu skii katika milima ya Alps. Chombo cha wawindaji na wasafiri wa kaskazini kikawa mchezo, na baadaye burudani ya likizo. Nansen mwenyewe aliendelea na safari. Mwaka 1895, akiwa na mwenzake Hjalmar Johansen, alikaribia Ncha ya Kaskazini kuliko mtu yeyote kabla yao.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Shirikisho la Mataifa lilimkabidhi kazi ya kuwarudisha makwao wafungwa wa kivita. Zaidi ya 400,000 walirejeshwa. Mwaka 1921 aliteuliwa kuwa Kamishna Mkuu wa wakimbizi. Warusi waliokimbia mapinduzi walikuwa wamevuliwa uraia. Hawakuwa na karatasi ya kuvukia mpaka wala ya kuombea kazi. Mwaka 1922 serikali zilikubaliana mjini Geneva kuwapa hati iliyokuja kuitwa pasipoti ya Nansen. Baadaye ilitolewa pia kwa Waarmenia, na nchi zaidi ya 50 ziliitambua. Mwaka huohuo wa 1922 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Nansen alifariki dunia nyumbani kwake Lysaker tarehe 13 Mei 1930. Wazo lake liliendelezwa katika Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, unaozitaka nchi wanachama kuwapa hati ya kusafiria wakimbizi wanaoishi kihalali ndani ya mipaka yao. Uganda iliingiza haki hiyo katika Sheria yake ya Wakimbizi ya mwaka 2006. Jina lake pia limebaki katika tuzo ya shirika la UNHCR. Mwaka 2013 tuzo hiyo ilimwendea Sista Angélique Namaika wa Dungu, kaskazini mashariki mwa Kongo, kwa kuwahudumia wanawake walioteswa na waasi wa LRA, kundi lililoanzia Uganda.

Leo Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5. Kwa kijana wa Nsambya aliyepata nafasi ya masomo ng'ambo, au mama anayetaka kumwona mwanawe katika nchi nyingine, hati hiyo ndiyo inayoamua kama safari itakuwepo au la.